Usizime Kabla Hujajibiwa

Wenye watoto wepesi wa mikono, sikieni yaliyompata huyu.

Maziwa yalipofurika, Umeme aliruka kitini akazima jiko. Maziwa yakaendelea kumwagika.

"Umezima mboga," mama yake akasema, akizungusha kitufe cha pili. "Ndivyo ulivyofanya kule?"

Umeme, jina alilopewa nyumbani kwa haraka zake, akainamisha kichwa. Ndivyo hasa. Katika chumba cha mazoezi kinachoigiza ndege, kengele ya moto ililia, kioo kikaandika kwamba injini ya kulia inaungua, naye akakata mafuta ya kushoto. Moja inaungua, nzima imezimwa, ndege ikabaki haina kitu. Bahati yao ndege ile haijawahi kutoka sakafuni. Sasa alibakiwa na jaribio moja. Akishindwa, chuo kinamrudisha nyumbani na urubani basi tena.

"Kwani hukusoma kioo?"

"Nilisoma, mama. Mkono ulitangulia."

"Na utaratibu wenu unasemaje?"

"Shika swichi, itaje, subiri mwenzako aangalie na kuthibitisha. Ndipo uzime."

"Basi kuanzia leo jiko hili ni ndege. Mwenzako ni mimi."

Hakuwa anatania. Wiki nzima hapakuzimwa kitu bila kushikwa, kutajwa na kujibiwa.

"Jiko la kushoto, thibitisha."

"Kushoto, nimethibitisha."

Baba akachungulia mlangoni. "Jamani, chai yangu bado haijaruhusiwa kutua?"

"Kaa ufunge mkanda, baba watoto."

Kuna siku mama alinyamaza makusudi. Maji yakakauka, Umeme kashika kitufe, jasho linamtoka, asizime. Sufuria ikaungua. Mama aliisugua mwenyewe wala hakunung'unika.

Siku ya jaribio ikafika. Kengele, taa nyekundu. Rubani mwenza akanyamazisha kengele, Umeme akasoma kioo: moto, injini ya kushoto. Joto la kushoto limepanda mpaka kwenye mstari mwekundu, la kulia limetulia. Mkono ukaruka.

"Swichi ya mafuta, kushoto. Thibitisha."

Mwenzake akainama kuangalia. Vidole vilimwasha Umeme. Akasubiri, kama alivyosubiri sufuria ikiungua.

"Sithibitishi," mwenzake akasema. "Umeshika ya kulia."

Akatazama. Kweli. Akahamisha mkono, akataja upya, akajibiwa, akakata. Moto ukazimika, wakatua na injini moja.

Mkufunzi akamgeukia Umeme. "Mkono wako bado una haraka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini leo ulisubiri. Umepita."

Nyumbani alisimulia yote, na lile la mkono hakulificha. Baba akapiga makofi. Mama hakupiga.

"Kwa hiyo bado unakosea."

"Bado, mama."

"Na huko mbele utabeba watoto wa watu." Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akawasha majiko yote mawili. "Njoo ushike."