Tonge la Kwanza

Mwaka ule wa unga wa njano, tonge la kwanza la kila sahani iliyotoka jikoni kwangu lilikuwa langu, nami nililichukia. Nilisimama mbele ya mteja, mwanamume mzima na ndevu zake, akanikodolea macho mpaka aone koo langu limepanda na kushuka. Hapo ndipo alipovuta sahani. Wengine walisema ahsante. Wengine walingoja kidogo zaidi, wakijifanya kufukuza nzi, ili waone kama nitaanguka.

Sikuanguka. Nilirudi jikoni, nikatukana sufuria kwa kuwa watu sikuweza kuwatukana, nikapakua sahani nyingine.

Hoteli yangu ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi karibu na stesheni ya Mpanda, chenye meza tatu na mabenchi yaliyoota mng'ao kwa kukaliwa. Mchele aliniletea kaka yangu kutoka Mpimbwe. Migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ilitoka Karema, ikiwa mikavu na yenye harufu ya moshi, nami niliilowesha tangu alfajiri kabla ya kuikaanga kwa vitunguu na nyanya. Kila aliyeketi nilimnawisha kwa mkono wangu, maji ya uvuguvugu, beseni chini na birika juu. Mama yangu alinifunza kwamba mgeni usiyemnawisha hujamkaribisha, hata ukimchinjia ng'ombe.

Aliyeniharibia alikuwa Gaspar, mpima mizani wa ghala la tumbaku. Walikuwapo mjini watu waliosoma kumzidi, lakini hakuna aliyejua kukisema chakula kama yeye. Jioni alikaa na wenzake kwenye benchi la stesheni wakazipitia hoteli zote, moja baada ya nyingine. Chai ya hoteli ya kule Shanwe, alisema, ni maji yaliyosikia habari za majani. Maharage ya Romana wa Ilembo yangefaa kuziba mashimo ya barabara. Watu walicheka, na kesho yake Romana alikaa mlangoni na sufuria yake imejaa, akifukuza kuku.

Mimi alinisifu. Miaka minne alinisifu. "Reli ilijengwa mpaka Mpanda kwa sababu ya wali wa Mama Thadei," alisema, na abiria waliposhuka kwenye treni waliuliza hoteli yangu kabla hawajauliza choo. Kwa hiyo nami nilimchagulia mgebuka mnene. Alipowachamba wenzangu, nilicheka. Nakiri hili kwa sababu limenikera kuliko mengine yote: nilicheka hadi machozi juu ya maharage ya Romana, mwanamke mwenye watoto sita.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Gaspar alikula kwangu mchana, akalamba vidole, akaenda zake Ilembo kunywa wanzuki, ile pombe ya asali ya Ugalla ambayo huingia kwa upole na kutoka kwa fujo. Alirudishwa amebebwa. Akatapika siku mbili. Jumatatu akaketi kwenye benchi lake, macho mekundu, na kwa kuwa mlevi hailaumu pombe yake, akatafuta wa kumlaumu.

"Chakula cha yule mama kina mkono wa mtu," alisema.

"Una hakika, bwana?" aliuliza Lyamba, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara yangu. Ndiye aliyenisimulia.

"Nyie hamfikiri. Marehemu mumewe alikuwa anakula wapi? Si palepale? Na yuko wapi leo?"

Fabiani wangu alikufa kwa homa, wiki mbili kitandani. Katika wiki hizo mbili hakula kwangu hata punje, kwa sababu hakuweza kumeza chochote ila uji mwepesi. Alichoniomba kilikuwa ukoko. Alipenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe, ule wa chini kabisa, mwekundu, unaolia mdomoni. "Niletee niushike tu," alisema, nami nilimletea, akaushika mpaka ukapoa. Tangu siku hiyo sikumuuzia mtu ukoko wangu. Huyo ndiye marehemu ambaye Gaspar alimfukua ili afunike ulevi wake.

Nilitaka kwenda stesheni na mwiko. Katekista Telesphor ndiye aliyenizuia. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinigharimu.

"Mama Thadei, usigombane," alisema. "Watu wanaogopa tu. Kwetu sisi mgeni si huonjewa? Onja mbele yao siku chache, maneno yatakufa yenyewe."

Nikakubali. Kweli, nyumbani kwetu anayepika humega tonge la kwanza akala, kisha akamsogezea mgeni. Lakini nyumbani ni jambo la kufumba na kufumbua, huku mnaulizana habari za mashamba, na hakuna anayekutazama koo. Kwangu ilikuwa kesi, nayo ilisikilizwa upya kwa kila sahani. Siku chache zikawa miezi mitatu. Maneno hayakufa, yalinenepa kwa matonge yangu. Kama hana kitu, watu waliulizana, mbona anaonja?

Mvua zilikuwa zimegoma. Unga wa njano ulikuja kwa treni, tukaupangia foleni, na hoteli zote za mji zikapika ugali wa rangi ile. Gaspar akausema nao kwamba una ladha ya gunia. Mchele ukabaki kwangu peke yangu, kwa kuwa kaka yangu alivuna kidogo kandokando ya mto. Nikajua Gaspar atarudi, ingawa tangu maneno yale hakukanyaga kwangu. Tumbo la mtu kama yule halina aibu.

Alikuja siku ya treni, saa saba mchana, hoteli imejaa. Lyamba alikuwapo, Telesphor alikuwapo, na meza moja ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao mnadani. Gaspar akaketi katikati, akaweka kofia mezani. Sikumnawisha mara moja. Nilileta wali na mgebuka kwanza, nikaibwaga sahani mezani kwa hasira, mchuzi ukaning'inia ukingoni.

"Onja," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Vizuri, Mama Thadei. Tonge kubwa. Nione umemeza."

Kijiko cha mtu fulani kiligonga sahani.

Nikaivuta sahani kwangu. Nikasogeza benchi la mbele yake, nikaketi. Sikuwahi kuketi kwenye benchi lile tangu nilinunue. Nikanawa, nikamega tonge, nikala. Gaspar akanyoosha mkono. Nikamega la pili.

"Basi, inatosha," alisema.

"Ulisema vizuri, Ndugu Gaspar. Naonja vizuri."

La tatu. La nne. Nilimchambua yule mgebuka mfupa kwa mfupa, nikala shavu, nikala mkia, nikapangusa mchuzi kwa wali wa mwisho. Nilikuwa nimesahau jinsi chakula changu kilivyo kitamu. Miezi mitatu nilikuwa nikimeza woga wa watu, sikuonja chumvi wala moshi. Sasa nilionja, na kadiri nilivyoonja ndivyo hasira ilivyotulia, ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Gaspar alinitazama koo mpaka mwisho. Naye koo lake lilipanda na kushuka, bila kitu ndani.

"Mimi je?" aliuliza.

"Wali umekwisha."

Mmoja wa Wasukuma akacheka, akajizuia. Telesphor akainamisha kichwa. Gaspar akachukua kofia yake, lakini hakuivaa, wala hakuinuka. Harufu ya kitunguu ilikuwa bado hewani, na nje ya pale kulikuwa na ugali wa njano mji mzima.

Nikaingia jikoni. Nikakwangua sufuria mpaka chini, ukoko ukatoka wote kwa pamoja, mwekundu, umepinda kama kigae. Nilikaa nao mkononi kwa muda. Kisha nikauweka kwenye sahani ya bati, nikamwekea mezani. Sikumega. Nikaweka mikono yangu kiunoni.

"Hujaonja," alisema Gaspar, polepole.

"Sionji. Sitaonja tena sahani yako wala ya mtu yeyote." Niligeuka ili wote wasikie. "Marehemu mume wangu alikuwa anakula huu huu. Kula, au ondoka."

Aliutazama ule ukoko. Watu wakamtazama yeye. Filimbi ya treni ikalia stesheni, na hakuna abiria aliyeinuka.

Mwishowe alikunja mikono ya shati, akakinga viganja vyake mbele yangu, kama nilivyomzoesha kwa miaka minne.

"Haya, ninawishe basi, Mama Thadei."

"Birika lile pale," nilimwambia. "Nawa mwenyewe."

Akainuka, akaliendea birika.