Begi Limeanza Likizo

"Mama! Wametubadilishia chumba! Tumepewa cha juu, dirisha linatazama ngome!"

Binti aliingia chumba cha pasi mbio, simu kaiinua juu, nusura apindue toroli la mashuka. Mvuke ulikuwa umetanda mpaka darini. Ndani ya mvuke huo alikuwamo mama yake, ambaye kazini wote walimwita Mama Pasi, akivuta shuka, akililaza, akilipitishia pasi mara moja tu, likanyooka kama karatasi mpya.

"Ngome ipi tena?" aliuliza, ingawa wiki nzima hajaambiwa kingine.

"Mama jamani! Ile ya mawe, yenye mizinga! Asubuhi tunapanda mnara wa taa. Halafu mji wa kale, vichochoro vyote, mpaka tupotee. Halafu unalala mchangani. Hufanyi kitu."

"Sifanyi kitu gani?"

"Kitu chochote! Unalala tu."

"Mchana kweupe? Na watu wanapita?"

Mzee Mkunjaji, aliyeshika ncha ya pili ya kila shuka humo ndani, alicheka mpaka ncha ikamponyoka. "Huyu alale? Binti yangu, mama yako atafika kivukoni, ageuke, aje kuniuliza kama pasi imezimwa."

"Nenda zako huko," Mama Pasi alisema, lakini mashavu yalishaanza kumcheza.

Kisiwa chenyewe walichokuwa wakienda alikijua kwa mashuka yake tu. Kilikuwa chembamba, kirefu, kimejilaza mbele ya pwani kikipigwa na mawimbi ili mji nyuma yake ukae kwa raha. Nyumba ya wageni ya huko ilileta mashuka yake kufuliwa hapa, na hata baada ya kufuliwa, punje za mchanga zilibaki kwenye pindo. Mama Pasi alizikung'uta kila siku. Likizo yake ilipokaribia, siku zote lilitokea jambo, naye siku zote alisema "sawa". Ila safari hii alikuwa amekuja kazini na begi kabisa. Kivuko chao kilikuwa cha mchana.

Mlango ukafunguliwa. "Shikamoo, mama yangu mzuri."

Mkunjaji akakohoa. Msimamizi akitoa shikamoo yenye sukari namna ile, ujue kuna kazi.

"Marahaba, baba. Sema."

"Mashuka yameongezeka, mama. Wageni wamejaa ghafla. Nilikuwa nasema, usogeze likizo kidogo tu. Mwezi ujao."

Simu ya binti ikashuka polepole mpaka pajani. Akamtazama mama yake, na Mama Pasi akayakwepa macho hayo. "Sawa" ilikuwa imeshafika mdomoni. Akageukia mlangoni achukue begi alirudishe kabatini.

Hapakuwa na begi.

"Begi langu liko wapi?"

"Lile jeusi?" Mkunjaji aliuliza. "Lenye utepe wa bluu? Si limepakiwa garini na magunia ya mashuka."

Dereva wa kupeleka mashuka huwa haulizi kitu. Utepe mwekundu, mzigo wa hotelini. Wa bluu, kisiwani. Anabeba, anaondoka.

"Sasa nani alifunga utepe kwenye begi la mtu?" msimamizi aling'aka.

Mama Pasi akatazama vidole vyake. "Mimi. Si linaenda kisiwani? Niliogopa lisije likapotea."

Binti alipiga kelele, akaziba mdomo, akashindwa, akaangua kicheko. Msimamizi akampigia dereva. Sauti ikasikika chumba kizima: "Bosi, niko kwenye kivuko cha asubuhi, katikati ya maji! Nilirudishe kwa kuogelea?"

"Basi litarudi kesho na magunia," msimamizi alisema, akikata simu. "Hamna neno. Tuendelee, mama."

"Hapana."

Neno lilitoka dogo kiasi kwamba mwenyewe aligeuka kuangalia nani kasema. Kisha akalisema tena, safari hii akifungua mkanda wa aproni.

"Hapana, baba. Begi langu limeshaanza likizo. Siwezi kubaki huku nayapiga pasi mashuka."

"Na hii kazi yote?"

"Nitashika pasi mimi," Mkunjaji alisema. "Yakiungua, tutawaambia wageni ndiyo mtindo wa mwaka huu."

Msimamizi alifungua kinywa. Mvuke ukaingia, akakifunga.

Nje, jua lilimpiga Mama Pasi usoni, jua la saa ambazo hakuwahi kuziona barabarani. Binti alitangulia akitembea kinyumenyume, anaongea hapumui: mnara, mizinga, kitanda, dirisha. Mikono ya mama ilikuwa mitupu, haikujua ikae wapi. Aliifunga nyuma, akaifumbata mbele, mwisho akaiacha ining'inie tu, ikaanza kuyumba yenyewe kama ya msichana anayetumwa mahali anapopapenda.

Barabara ikaisha, maji yakaanza. Kule mbali kisiwa kilikuwa kimstari tu, kama mkunjo kwenye shuka la bluu. Mama Pasi alisimama akautazama. Akauacha ulivyo.