Mguu wa Kushoto wa Ntirenganya

Ilianzia kwenye mlima wa Kibati, pikapu imebeba chumvi na sabuni za kupeleka Rutshuru. Muzee Ntirenganya alikanyaga mafuta, motere ikalia kama inakimbia, lakini gari yenyewe ikawa inakwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni akawapita kwa miguu. Akawasalimia, tena kwa heshima.

"Papa, ambreyaji inateleza," alisema Béata, binti yake, aliyekaa pembeni, akimaanisha klachi.

"Nasikia. Niko na masikio."

"Na tuliiweka mupya juzi tu, mbele ya mvua."

Ntirenganya akakanyaga mafuta tena. Alijua maneno hayo yanaelekea wapi. Tangu Pasaka Béata alikuwa anamwomba amwachie usukani. Permi ya kuendesha anayo, njia anaijua, na baba yake amechoka. Yeye alikuwa hataki hata kusikia. Njia ile ameiendesha tangu huyo Béata hajazaliwa. Sasa, pale mlimani, akaona kesi nzima imekuja kukaa ndani ya ambreyaji. Kama imekufa kwa sababu ya fundi aliyeiweka, yeye anabaki dereva. Kama imeuawa na dereva, basi binti ana haki. Kwa hiyo aliomba kimoyomoyo iwe fundi.

Wakageuza, wakashuka polepole mpaka Keshero, mtaa wa Goma, kwenye garaji ya Katungu, mwanamke wa Butembo aliyesifiwa kwamba hashushi bwati ya gari, lile sanduku la gia, kabla hajajua kwa nini anaishusha. Mzigo wakaupakua hapo hapo, na Béata akapanda pikipiki kwenda kutafuta gari nyingine ya kuupeleka.

Katungu hakuuliza mengi. Breki ya mkono ilikuwa haishiki, kama gari nyingi za barabara ile, basi akaweka mawe ya volkano mbele na nyuma ya magurudumu. Akapanda, akawasha, akaingiza vitesi kubwa, yaani gia ya juu, halafu akaachia pedali bila haraka.

"Gari yenye ambreyaji nzima ingezimika hapa hapa," alisema. "Sikiliza hii."

Motere iliendelea kunguruma na gari imesimama. Harufu ikapanda toka chini, kali, kama pembe ya mbuzi iliyotupwa motoni.

"Disiki ya ambreyaji imekwisha, papa. Inabaki kujua imekwisha na nini."

"Fundi aliniuzia ya uongo."

"Inawezekana. Ao mafuta ya motere yanavuja, yanailowesha. Tushushe bwati kwanza."

Goma, mtu akipeleka gari garaji haiachi akaenda zake. Anakaa pale pale na kuangalia, kipande chake kizuri kisije kikahamia kwenye gari ya mwingine. Ntirenganya akavuta kreti ya bia akaketi. Katungu hakukasirika. Alimsogezea kreti mwenyewe.

"Kaa huku. Kule utaona visigino vyangu tu."

Dieudonné, fundi wa kuchomelea wa jirani, akaja kusaidia kushusha bwati. Alipita karibu na kreti, akatikisa kichwa.

"Muzee, unalinda ao unasali?"

"Vyote. Wewe nakulinda, huyu mama namuombea."

Bwati ilishuka juu ya kriki, jeki ya magurudumu, na baada ya hapo Katungu akafungua plato inayobana disiki, akatoa disiki ya zamani, akamwekea mzee mikononi. Ndivyo inavyofanywa, kilichokufa kinarudi kwa mwenyewe. Ntirenganya aliigeuza. Ilikuwa imelika mpaka vichwa vya misumari, nyembamba kama bamba la kopo, na kavu. Aliipitishia kidole, akakitazama kidole. Hakuna tone.

"Hakuna mafuta," alisema Katungu. "Na hii disiki haiko ya uongo. Ni nzuri, aina hii mimi mwenyewe ndiyo ninaweka. Sasa shika hii." Akampa bute, ile ringi ndogo inayosukumwa na pedali. Ilikuwa imeungua, rangi ya buluu, na ukiizungusha inasaga kama changarawe. "Hii inafanya kazi wakati muguu uko kwa pedali. Ukitoa muguu, inapumzika. Hii haikupumzika, ndiyo disiki ikateleza mpaka ikakwisha."

"Mimi siwekaka muguu kwa pedali."

"Sijasema unaweka."

"Umesema."

"Nimesema bute."

Chini ya gari Dieudonné alikohoa kikohozi kilichofanana na kicheko.

Katungu alisugua chuma cha motere kwa msasa, akakipangusa kwa petroli, akaweka bute mpya. Ili disiki mpya ikae katikati sawasawa alikuwa na kijiti cha mkaratusi, amekichonga mwenyewe mpaka kimeenea kwenye tundu. Akakaza bulonge moja huku, moja ng'ambo, kidogo kidogo, bila kupendelea upande. Mzee alifuata kila kitu kwa macho. Alikaa pale ili akamate mwizi, na hakuna mwizi aliyepita.

Jua lilipoanza kulegea Béata akarudi, mzigo ameshausafirisha. Akataka kupanda kwenye kujaribu gari. Baba yake akamwambia abaki. Yeye mwenyewe akashika usukani, na aliyepanda pembeni ni Katungu.

Gari ilikuwa nyepesi. Ukigusa mafuta, inakwenda. Ntirenganya akaanza kupiga mluzi. Kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, Katungu akamuuliza, bila kugeuza uso:

"Papa, muguu wa kushoto uko wapi?"

"Chini."

"Angalia."

Akaangalia. Buti lake la mpira lilikuwa juu ya pedali.

"Ni hizi buti," alisema. "Nzito."

Akasimamisha gari, akazivua, akaondoka tena peku. Wakaenda kidogo na gari. Safari hii Katungu hakuuliza kitu. Mzee ndiye aliyeinama kutazama, na akauona mguu wake, vidole juu ya pedali, umejilalia kama paka aliyezoea kiti. Hakuusikia. Angeapa mbele ya padri kwamba uko sakafuni. Akaegesha, akaufinya. Alijiona anaufinya, lakini mguu wenyewe kama wa jirani.

"Niliwaza ni baridi ya Kibati," alisema.

"Mama yangu alianza vile, miguu haisikii. Uende kwa munganga, papa. Mimi najua za gari tu."

Motere ilinguruma taratibu.

"Utamwambia Béata?"

"Nitamwambia bute imeungua. Akiuliza ni kwa nini, wewe utakuwa pale."

Waliporudi, Béata akaja mpaka dirishani. "Ilikuwa nini?"

Katungu alisema bute iliungua, akaenda kunawa mikono, na akanawa muda mrefu sana. Ntirenganya alibaki ameshika usukani. Fundi wa zamani hayupo, hawezi kujitetea. Neno moja tu la kumlaumu lingetosha, na kesho yake angekuwa tena mlimani na pikapu yake. Akafikiria ule mlima, na magari yanayoshuka na mizigo, na mguu usiojua uliko.

"Ni mimi," alisema. "Muguu unakaa kwa pedali na mimi sisikii. Njo ukae hapa."

Akashuka, buti mkononi. Béata alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Badala yake alipanda. Alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akajaribu pedali mara moja.

Ntirenganya akazunguka gari mpaka upande wa pili, akavuta mlango. Haukufunguka. Kitasa cha nje cha mlango ule kilivunjika zamani. Dereva ndiye anayeinama kuufungua toka ndani. Akasimama pale peku juu ya mawe, akingoja.

"Béata."

"Ngoja, papa."

Akainama, akamfungulia. Mzee akapanda, akapangusa nyayo, akaufunga mlango kwa nguvu.

"Huu mlango tuutengeneze," alisema.

"Miaka yote nakuambia."

"Haukuwa unanisumbua."