Upawa wa Krimu ya Jana

Mkemia wa maabara aliponipigia simu kuniambia kwamba dawa iliyokatazwa bado imo kwenye krimu yetu, nilimuuliza kama mashine yake imelewa. Hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini nilikuwa na haki. Kanuni mpya zilipiga marufuku dawa moja ya kuzuia ukungu, iliyokuwa kwenye krimu yetu ya mikono tangu enzi za marehemu bibi, na sisi tuliiacha mara moja. Nilirudisha dumu la dawa hiyo kwa muuzaji, nikanunua dawa inayoruhusiwa, nikabandua lebo za zamani na kubandika mpya mpaka vidole vikanata.

Mkemia hakukasirika. Alisema ni kidogo sana, ila kanuni haitaki hata kidogo. Tupeleke sampuli moja tu ya mwisho. Dawa ikionekana tena, krimu inatolewa madukani. Na krimu hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na shangazi yangu anayeipika.

Nikaanza msako. Nilisugua mashine ya kuchanganyia, nikanusa vifuniko, nikamshuku muuza manukato, nikamshuku hata muuza nta, maskini wa watu. Nilikuwa sili vizuri, na bado, nisiseme uongo, nilikuwa nafurahia. Kumsaka mwizi ndani ya nyumba yako kuna raha yake.

Asubuhi ya kupika sampuli nilisimama mlangoni nikimwangalia Shangazi. Aliyeyusha nta, akamimina mafuta, akatia maji polepole huku akikoroga. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akafungua kopo, akachota upawa mmoja wa krimu iliyobaki, akautia ndani ya sufuria. Jambo hilo nimeliona tangu nikiwa sifikii meza, ndiyo maana sikuwahi kuliona.

Niliingia mpaka kwenye sufuria.

"Shangazi, umetia nini hapo?"

"Si kitu. Krimu ya jana, ili hii ijue njia."

"Na ya jana ulitia nini?"

"Ya juzi," alisema, na mwiko ukasimama.

Nilirukaruka jikoni kama mwendawazimu. Mwizi nimempata! Nilikuwa nikicheka, nikipiga meza, mpaka nilipogeuka nikamwona Shangazi ameketi, kopo mapajani. Furaha ikanishuka.

Aliniambia kwamba upawa wa kwanza alipewa na bibi mwenyewe, na tangu hapo haujakatika hata mara moja. Katika kila kopo tuliloliuza mlikuwa na krimu kidogo ya mkono wa mama yake.

"Nikiuacha leo," alisema, "nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Nikakaa chini karibu naye. Alichovya vidole kwenye kopo, akajipaka mikono hadi viwikoni, taratibu, kisha akanivuta akanipaka na mimi. Alisema kanuni imekataza kuuza, haijakataza kuaga. Tulipaka mpaka kopo likabaki tupu, tukiteleza kama samaki, na tulicheka huku tukilia.

Sufuria ile tuliimwaga. Aliosha kila chombo kwa maji ya moto, akapika upya bila upawa, nami nikasimama juu ya sufuria nikiisihi krimu ishike. Ikashika. Laini ileile.

Siku mkemia alipopiga tena, alisema neno moja tu: hakuna. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilimshukuru mkemia, nikamwomba radhi kwa kuiita mashine yake mlevi, nikamkumbatia Shangazi nikimzungusha aproni na yote.

Aliponitoka mikononi alikwenda kwenye rafu, akashusha kopo. Ndani mlikuwa na krimu, upawa mmoja. Nikanyoosha mkono nilinyakue.

"Tulia," alisema. "Imetoka sufuria ileile iliyopimwa, niliichota wakati wewe unafunga sampuli." Akaniwekea kopo mikononi. "Ya bibi yako imeisha. Hii inaanzia kwako. Leo utatia wewe."

Nilikwenda kwenye meza yangu ya lebo, nikachukua moja tupu, nikaibandika kwenye kopo na kuandika juu yake: YA KESHO.