Ufa Usiohukumiwa

Fundi Kola alikuwa anageuza kola ya shati la bluu, anachokoa ncha zake kwa mkasi, kengele ya kutulia ilipolia. Akakata uzi, akazima cherehani, akakaa juu ya kipande chake cha zulia na kukunja miguu kama wenzake. Pale kiwandani kutulia kulikuwa baada ya chai. Bosi alianzisha zoezi hilo pale wafanyakazi walipotaka kuchagua msemaji wao. Waliomba msemaji, wakaletewa mwalimu wa pumzi.

"Hii si dini," mwalimu wa pumzi alisema, kama alivyosema kila siku, maana kila siku alikuwepo wa kuuliza. "Buddha alikuwa mtu kama wewe na mimi. Hatumwabudu, hatumwombi kitu. Tunakaa, tunaangalia pumzi. Wazo likija, lione, liache lipite."

"Na njaa ikija?" akauliza mtu wa pasi, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Ione."

"Nimeiona, mwalimu. Nayo imeniona."

Wakacheka, wakafumba macho. Fundi Kola akaifuata pumzi yake ikiingia na kutoka, na muda si muda makalio yake yakaachana na zulia. Akapanda polepole mpaka kisogo kikagusa dari. Mtu wa pasi alikuwa ameshafika, kajilaza ubavu kama yuko kwao. Hakuna aliyeshangaa. Siku ya kwanza walipopaa, msimamizi alizima mafeni yasije yakakata mtu, na kazi ikaendelea.

Ni huko juu Fundi Kola alipouona ufa. Ukiwa chini ungedhani ni uzi umenasa kwenye rangi. Ukiwa karibu, kidole kiliingia. Alikiingiza, kikaingia chote. Akaufuata ufa kwa macho kutoka kwenye nguzo, ukakatiza boriti, ukaishia katikati ya chumba. Akatazama chini. Pale pale ufa ulipoishia palikuwa na mashine ya vitundu vya vifungo, na kwenye mashine alikaa mdogo wake, mtu pekee katika laini nzima ambaye hakuwahi kupaa. Mimba ilikuwa imemkaba mpaka kukunja miguu hawezi. Alikuwa amelala, mdomo wazi.

Fundi Kola akaanguka kama ndoo. Hofu ina uzito wake.

"Ufa?" msimamizi alisema alipoambiwa. "Wenyewe uko juu, wewe uko chini. Mmegombania nini?"

Bosi alikuja mwenyewe. Alivaa bangili ya shanga za mbao na kuongea kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga. "Umeuona ufa," akasema. "Safi sana. Sasa jaribu kuuona bila kuuhukumu."

"Bosi, unaingia kidole."

"Hapo tayari umeshahukumu, mama."

Jioni ile Fundi Kola alimbana mwalimu wa pumzi kwenye ngazi. "Mwalimu, huyo Buddha wako, si ulisema aliona mgonjwa, akaona na maiti? Alipowaona, alikaa akaangalia pumzi?"

"Hapana," mwalimu akasema. "Kwanza alitoka nje ya jumba la baba yake."

"Kumbe alitoka."

"Alitoka."

Kesho yake kengele ilipolia, mwalimu hakukaa. "Leo tutatulia uwanjani," akasema. "Shukeni ngazi, wote." Wakashuka, mbele mwalimu, nyuma mtu wa pasi akiuliza kama huko uwanjani dari lipo au watapaa moja kwa moja mpaka mbinguni. Wakafika kwenye mlango wa chini. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kama siku zote mpaka zamu iishe, mtu asije akatoroka na shati. Msimamizi alikuwa na ufunguo. Ruhusa hakuwa nayo. Wakapanda tena.

Mwalimu aliagwa kwa maua. Mahali pake iliwekwa spika ukutani, na ndani ya spika sauti yake ile ile, iliyorekodiwa kabla hajaulizwa habari za jumba: "Lione, liache lipite."

Kisha bosi akaagiza bango la kitambaa la kufunika ufa, limeandikwa HAKUNA KINACHODUMU. Pindo lake alilishona Fundi Kola, kwa kuwa hakuna aliyempita kwa kunyoosha mshono. Walilipachika wakiwa wamepaa. Ngazi haikuhitajika, na bosi alisifu ubunifu.

"Mdogo wangu, acha kazi," Fundi Kola alisema.

"Nikiacha sasa, likizo ya uzazi nitalipwa na nani? Na wewe dada, punguza. Ukihangaika hivyo hata mtoto anasikia."

"Basi tubadilishane viti."

Msimamizi hakujali, ilimradi mashati yatoke. Fundi Kola akahamia kwenye vitundu, chini ya bango. Mdogo wake akahamia kwenye kola, karibu na dirisha, akapata hewa na pa kunyooshea miguu. Kengele ilipolia alifumba macho, na kwa mara ya kwanza akapaa, tumbo likitangulia. Laini nzima ikampigia makofi. Fundi Kola alikuwa amemfunga uzi wa kola kwenye kifundo cha mguu, ncha nyingine kaishika mwenyewe, kwa tahadhari tu.

Yeye mwenyewe hakupaa tena; kengele ikilia alibaki mashineni.

"Wewe bado tu hujatulia?" msimamizi akamuuliza.

"Bado."

Uzi ukaanza kumtoka mkononi. Mdogo wake alikuwa anasogea, taratibu, kutoka dirishani kuelekea katikati ya chumba, kama kuna kitu kinamvuta. Akasimama juu kabisa ya kichwa cha dada yake. Bango lilikuwa limejaa kama shavu la mpiga filimbi, likanywea, likajaa tena. Watu wote darini walivuta pumzi, wakatoa, na bango likawafuatisha.

"Dada!" mdogo wake akaita kutoka juu, sauti imejaa raha. "Kumbe huku kuna upepo mzuri hivi?"

Fundi Kola akauzungusha uzi kidoleni, akaanza kumvuta ashuke, polepole, maana uzi wa kola haustahimili nguvu. Vumbi jeupe likamwagika kutoka nyuma ya bango, juu ya mashati. Akalipuliza kwa mdomo, akatoboa kitundu kilichofuata kwa mkono mmoja, akaendelea kuvuta kwa mwingine.