Ukuta wa Mwalimu Atuganile

Mwalimu Mkuu Jackson aliniletea habari ile akidhani nitafurahi. Nilikuwa nyuma ya madarasa, namenya ndizi za mbalaga, chakula chetu cha ndizi, kwa ajili ya wageni.

"Bibi, mgeni rasmi wa maonyesho tumempata. Ni Mzee wako!"

Mzee wangu ni Asajile. Na mwalimu aliyeandaa wiki nzima ya watoto kujenga kwa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea, ni Atuganile, mke wa mwanetu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia migombani. Vijana wa Tukuyu mjini wameacha. Mzee wangu hajaacha, na Atuganile anamheshimu.

"Sasa nani atayaeleza maonyesho?" nikauliza.

"Mimi. Mwalimu Atuganile atakusaidia jikoni."

Huyo! Wiki nzima hakushika tofali hata moja. Aliyepiga magoti sakafuni na watoto, mvua inapiga bati hadi sauti inamkauka, ni mkwe wangu.

Nikamkuta darasani, macho mekundu.

"Acha tu mama, nitamenya ndizi. Mila ni mila."

"Mila inasema asikuone. Ukuta nao imeukataza?"

Akanitazama. Kisha akacheka kwa pua, nikajua tumeelewana.

Tukawaita watoto, tukaanza kujenga kwenye kona, kimo cha mtu aliyeketi. Haujafika kifuani, matofali yakaisha. Nikatazama mezani. Katikati ya madaraja na nyumba lilisimama jengo kubwa kuliko yote: ofisi ya Mwalimu Mkuu, kaagiza mwenyewe ijengwe, na bendera juu.

"Bomoeni hilo."

"Bibi, atatuchapa!" akasema mjukuu wangu Tulinagwe.

"Semeni kabomoa bibi. Mimi alishindwa kunichapa mwalimu wangu wa darasa la nne, na yule alikuwa na mbio."

Mzee akaingia na kofia yake, Jackson mbele. Atuganile yuko nyuma ya ukuta, kwenye kigoda, kimya.

"Mgeni rasmi, hili ni daraja," akasema Jackson. "La... kupita."

"Mbona nguzo zake zimeachana hivi?"

Jackson akakohoa.

"Ni la mto Kiwira, mgeni rasmi," ukuta ukajibu. "Zilipobanana lilianguka. Watoto wakazisogeza wenyewe mpaka likasimama."

Jackson akanyoosha mkono aubomoe ukuta. Nikaburuta kiti, nikakaa kati yake na ukuta.

"Thubutu, baba."

Mzee akanikazia macho. Uso ule nikiuona nyumbani huwa nakimbilia kuchemsha chai. Safari hii sikunyanyuka. Tukatazamana mpaka akavua kofia, akaupa ukuta mgongo kwa heshima zote, akauliza akiangalia dirishani:

"Na kiwanda kile cha chai, mlango wake unafunguka?"

"Unafunguka, mgeni rasmi. Lugano, fungua aone."

Basi hapo! Akauliza paa, akauliza ngazi, akauliza kwa nini ng'ombe wana rangi ya kijani. Ukuta ukajibu yote, sauti ikizidi kupanda. Jackson akajaribu kuingilia: "Kwa ufupi, mgeni rasmi..."

"Mwalimu Mkuu," Mzee akasema bila kugeuka, "mimi na mwalimu bado tunazungumza. Nasikia ndizi zinaungua. Nani yuko jikoni?"

Nikamkabidhi Jackson mwiko.

"Na chumvi bado," nikamwambia.