Bustani ya Kuazima

Mashine ilizimika katikati ya uwanja wa shule, mahali ambapo kila mpita njia angeona kazi imeishia wapi. Nyuma yake nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, mbele yake zilisimama hadi magotini. Fyeka alivuta kamba ya kuwashia, akavuta tena, akavuta mpaka bega likamuuma, na mashine ikamjibu kwa moshi mweusi na harufu ya oili iliyoungua. Mwisho hata kamba ikagoma kurudi ndani, ikabaki inaning'inia.

Jina lake halisi pale mtaani hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Fyeka kwa sababu alianza kazi na fyekeo la mkono, na kwa sababu alikuwa hawezi kupita mbele ya majani marefu bila kuyatazama kwa uchu. Mashine aliyokuja kununua baadaye ilikuwa ya zile ndogo, anazouziwa mtu mwenye kibustani mbele ya nyumba yake, akikate asubuhi ya siku ya mapumziko, kisha aifunike mashine na kuisahau mpaka majani yaote tena. Fyeka aliitoa dukani na kuiingiza kazini siku hiyohiyo. Zahanati ilikuwa yake, ofisi za mtaa wa juu zilikuwa zake, bustani za watu wenye nafasi zilikuwa zake, na sasa huu uwanja wa shule, ambao kwa haki yake ulihitaji mashine kubwa, ile ambayo dereva anakaa juu yake kama bwana. Hiyo kubwa hakuwa na uwezo nayo. Basi ile ndogo ikabeba yote, tangu jua linachomoza mpaka linazama, na Fyeka akajifanya haoni kuwa inakohoa.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akautazama uwanja ulionyolewa nusu, akakumbusha kwamba Ijumaa wazazi wanakuja kwenye michezo. Akasema pia, kwa upole, kwamba kuna vijana wenye mashine ya kukalia waliopita kuulizia kazi. Hakufoka. Fyeka angependa afoke, maana mtu akikufokea unapata pa kukasirikia.

Aliikokota mashine mpaka nyumbani, nyumbani kwenyewe kukiwa ni vyumba viwili vya kupanga vilivyofunguka kwenye ua wa sementi. Hapakuwa na jani hata la dawa, isipokuwa lile lililojitokeza kwenye ufa karibu na bomba, na hilo mama yake alikuwa akilimwagilia kwa kulionea huruma. Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Aliiuza cherehani yake ili mwanawe apate mashine, na hakuwahi kumkumbusha hata mara moja, jambo lililomfanya Fyeka akumbuke kila siku.

Kila jioni mashine iliporudi, mama aliitandikia gunia, akachukua kitambaa chake, akaipangusa vumbi na majani mabichi mpaka kwenye magurudumu. Na kwa kuwa mwanawe alikuwa mtu mzima asiyeonyesha dalili yoyote ya kuoa, mashine ile aliipa cheo. Aliiita mkwe. "Mkwe karudi," angesema. Au angewaambia majirani kwamba mkwe wake ni mchapakazi, hana maneno, na chakula chake ni mafuta tu. Majirani walicheka, Fyeka naye alicheka, na ua ule wa sementi ukawa na furaha yake.

Jioni hiyo mama aliinusa mashine kabla hajaigusa. Akainua uso.

"Mkwe wangu amekufa," alisema. "Ulimwoa awe mke wa nyumbani, ukampeleka vibaruani. Usimlaumu."

Fyeka alitaka kucheka lakini cheko halikuja. Mama aliipangusa vilevile, ingawa ni maiti, akakikung'uta kitambaa na kukianika.

Asubuhi ya Jumatano Fyeka aliipeleka mashine dukani, akitegemea waranti, ile dhamana ya duka, ambayo bado ilikuwa hai. Mwenye duka aliipindua, akakitazama kisu kilivyolika, akachungulia injini, akamtazama na Fyeka mwenyewe, viganja na vyote. Akaeleza kwamba waranti ile ni kwa matumizi ya nyumbani peke yake. Ukiifanyia biashara, umeivunja mwenyewe. Hakutaka kumwita mtoto wa watu mwongo, kwa hiyo angemtuma fundi wake kesho aende kuiona hiyo bustani. Bustani ikiwepo, Fyeka angepewa mpya hapohapo.

"Kwako kuna bustani?" aliuliza.

"Ipo," Fyeka alisema.

Neno lilitoka lenyewe, likafuatwa na mengine. Alielekeza: nyumba ya kona, geti la kijani, maua mekundu kwenye uzio. Alielekeza vizuri kabisa, kwa sababu aliijua nyumba ile kila pembe. Ilikuwa ya Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini nusu ya watu wazima wa upande ule wa mji walipita mikononi mwake siku walipozaliwa, na alikuwa na tabia ya kuwatazama kana kwamba bado anawakagua. Fyeka hakuwa mmoja wao. Yeye na mama yake walihamia. Hata hivyo Mkunga alimwamini mpaka akampa ufunguo wa geti, kwa kuwa kila Alhamisi alishinda kwa dada yake na hakutaka Fyeka akose kazi kwa ajili ya kusubiri kufunguliwa. Na kesho ilikuwa Alhamisi.

Basi Alhamisi Fyeka alivaa shati la kutokea. Mama alimuuliza anakwenda kuposa wapi, naye akasema anakwenda kukutana na fundi wa duka, na hilo lilikuwa kweli. Alifungua geti la kijani kwa ufunguo aliopewa kwa imani, akazoa majani makavu, kisha akakaa barazani kwenye kiti cha Mkunga. Akainuka. Akakaa tena, maana mwenye nyumba hasimami kwake kama mgeni. Kiti kilikuwa na mto mdogo wenye alama ya mgongo wa mwenyewe, na Fyeka aliegemea mbele muda wote ili asiuguse.

Fundi alikuwa kijana mpole, mtu wa kuuliza polepole. Alitembea bustanini, akasifia nyasi, akauliza zinakatwa kila baada ya muda gani. Fyeka alijibu yote bila kubabaika, kwa sababu yote aliyajua. Fundi akaomba maji ya kunywa. Hapo Fyeka alikwama. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na ufunguo wake hakuwahi kuuona. Akasema ufunguo ameondoka nao mama, na papo hapo geti likalia na Mkunga mwenyewe akaingia na mkoba wake. Dada yake hakuwa nyumbani.

Fundi akamwamkia, na Mkunga akaitikia. Akamtazama Fyeka aliyesimama mbele ya kiti chake na shati la kutokea, akautazama mto uliosogezwa pembeni. Fundi akageuka, uso umechangamka.

"Ndiye mama?"

Fyeka angeweza kuitikia na kuishia hapo. Kila mwanamke wa makamo yale ni mama, na hakuna mtu duniani angemshitaki. Lakini woga haujui kuishia. Fyeka aliisikia sauti yake mwenyewe ikiongeza lile ambalo hakuulizwa.

"Mama yangu mzazi."

Mkunga alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Fundi, kwa adabu tu, kwa sababu kazi yake ilimtaka aulize, akamuuliza iwapo mwanawe anakaa naye hapa na kama mashine inatumika hapa tu. Fyeka alitazama ndala zake. Alikuwa amesahau kubadilisha ndala. Zilikuwa na rangi ya majani mpaka kwenye kanda, kama za mtu anayeshinda nyasini maisha yake yote.

"Ndiyo," alisema Mkunga.

Akafungua mlango, akamletea fundi maji kwenye bilauri ya wageni. Fundi akanywa, akashukuru, akamwambia Fyeka apite dukani mchana achukue mashine mpya, akaaga. Geti likafungwa. Fyeka alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ile alikuwa ameitunza vizuri mno, haikuwa na ufa.

Akaanza kuomba radhi. Mkunga akainua kiganja, akaurudisha mto mahali pake, akakaa.

"Unaye mama?"

"Ninaye."

"Yuko hai?"

"Yuko nyumbani."

"Anajua kwamba leo nimekuzaa?"

Mkunga akasema bila kupandisha sauti kwamba kazi yake yote ilikuwa kumkabidhi kila mtoto kwa mama yake, usiku umeme ukikatika, wodi ikijaa, watoto wanalia kwa pamoja, na hajawahi kumkosea mama hata mmoja. Leo amekosea, tena amestaafu. Akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa geti, na Fyeka akautoa mfukoni ukiwa na jasho.

"Jumapili nitakwenda kumwamkia," alisema. "Mwenzangu yule. Umweleze kabla sijafika, nisije nikamkuta hajui ninakuja kama nani."

Mchana Fyeka alichukua mashine mpya. Iliwaka kwa mvuto mmoja. Kabla giza halijaingia alikuwa ameumaliza uwanja wa shule, ukalala sawasawa, na mwalimu mkuu akatoka kumpongeza, akamwambia kazi ni yake mwaka mzima. Siku nyingine Fyeka angerudi nyumbani anapiga mluzi. Siku hiyo kila sifa ilimwingia kama mchanga kwenye jicho.

Mama alipoiona mashine alipiga vigelegele vya chinichini, vya kuwaficha majirani. Akaitandikia gunia. Akasema lile duka lina waungwana, wangeweza kuleta maneno. Akauliza, huku anapangusa, walimuuliza nini hasa. Fyeka akasema waliuliza ya kawaida. Ijumaa alijiambia kwamba atamweleza mama baada ya chakula. Baada ya chakula mama alikuwa anaimba. Jumamosi alimwambia kwamba kesho watapata mgeni, mteja wake mmoja, na mama akafurahi kwamba mwanawe anaheshimiwa na wateja mpaka wanamtembelea. Akafagia ua mara mbili. Akalimwagilia na lile jani la kwenye ufa.

Jumapili Mkunga alifika na kifurushi cha sukari na sabuni. Mama alimpa kiti pekee chenye mgongo pale uani, yeye akakaa kwenye kigoda, na wanawake wawili wale wakazungumza kama waliotengana jana. Mama alieleza habari za cherehani, hadithi ambayo Fyeka hakuwahi kumsikia akimweleza mtu. Akaeleza habari za mkwe aliyekufa na mkwe mpya. Mkunga alicheka kweli, mpaka akafuta macho. Fyeka alisimama mlangoni akaanza kuamini kwamba mgeni amemhurumia, kwamba jambo litapita hivihivi.

Kisha Mkunga, kwa namna watu wa kazi yake wanavyouliza, akauliza mwenzake amejaliwa watoto wangapi.

"Huyu," alisema mama. "Kulikuwa na wengine, hawakukaa. Huyu ndiye aliyekubali kukaa na mimi."

Mkunga hakumtazama hata Fyeka. Alitazama mikono yake mwenyewe. Fyeka akaona kwamba hakuna atakayemsaidia, na kwamba akinyamaza sasa atanyamaza mpaka amzike mama yake. Akaingia uani, akachuchumaa kwenye sementi.

"Mama," alisema, "mtu wa duka alitaka kuona bustani ya kwetu. Nikampeleka kwa huyu mama. Nikamwambia ndiye mama yangu mzazi."

Bomba lilikuwa linadondoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mkunga, akamtazama tangu kilemba mpaka viatu, bila ubaya, kama anavyotazama mtu nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Halafu akautazama ua wake, alioufagia mara mbili.

"Na yule mtu aliamini?" aliuliza.

"Aliamini."

"Ataachaje. Kuna majani."

Fyeka akasema kesho ataamka na mashine kuirudisha, atasema kweli, potelea mbali kazi ya shule. Mama akasema hayo ni yake na duka. Mkunga akataka kuzungumza, mama akamwekea mkono gotini, akamwambia ale kwanza, mgeni hana kosa. Akamkaribisha chakula, akamcheka kwa kula kidogo, akamsindikiza mpaka njia panda, na waliagana kwa kushikana mikono miwili. Mtu wa nje angesema mambo yamekwisha.

Jioni Fyeka aliipangusia mashine nafasi uani, akatandika gunia mwenyewe, akasubiri. Mama alitoka na kitambaa chake. Akasimama mbele ya mashine ile mpya, nyekundu, isiyo na hata mkwaruzo. Kisha akamwekea mwanawe kitambaa mkononi.

"Mpanguse wewe," alisema. "Huyu si mkwe wangu. Mkwe wangu alifia pale shuleni. Huyu kaolewa kwa yule mama mwingine."

Akaingia ndani. Fyeka akapiga magoti kwenye sementi, akaanza kupangusa mahali ambapo hapakuwa na vumbi, na akaendelea kupangusa, maana mtu wa kumwambia inatosha alikuwa ameshazima taa.